Ndani Kaki

3 Februari

Mzee wangu Fundi Kepi,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ndiye binti ninayetunza chumba cha mavazi katika makumbusho yetu, chumba chenye dirisha moja na harufu ya dawa ya nondo. Anwani yako nimepewa na karani wa zamani wa bohari ya kambi. Alisema, "Kama ni habari za kofia, usimsumbue mwingine. Yule mzee tulimwita Fundi Kepi, na hatukumwita bure."

Kambi ilipofungwa, bohari yake ililetwa kwetu kwa malori mawili. Tangu siku hiyo sijatoka humu. Mzee wangu, sijawahi kuona vitu vizuri namna hii vikiwa vimekunjwa vibaya namna hii. Kuna koti la gwaride lenye vifungo kumi na vinane vya shaba, na kila kifungo kimeshonwa kwa uzi uliopakwa nta. Kuna kofia kubwa nyeupe za jua. Kuna bereti zilizochakaa upande mmoja tu, ule upande ambao mwenyewe alikuwa akiuvuta kila asubuhi. Halafu kuna kepi nyeusi za bendi, nane, ambazo nikizishika nasahau hata kula. Mdomo wa mbele bado unang'aa. Mshono wa juu huuoni mpaka uutafute kwa kioo cha kukuzia.

Kinachonisumbua ni majina. Katika daftari la bohari, kitu kimoja kinaitwa kofia ukurasa huu, chapeo ukurasa unaofuata, na helmeti ukurasa wa tatu. Mimi mwenyewe nimeandika kwenye orodha yangu kwamba kepi ni za sufi nyeusi, na sina hakika. Maonyesho yanafunguliwa tarehe 12 Aprili, na kila kitu lazima kiwe na kadi yenye maelezo sahihi. Ningependa kadi ya kepi iseme pia zilitengenezwa na nani. Daftari linasema ni wewe. Utaniruhusu nikuandike?

Mwenye kukuheshimu,
Mtunza Mavazi


14 Februari

Binti yangu Mtunza,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti mara mbili hapa nyumbani, na mara zote mbili tumecheka pale kwenye kepi za sufi. Mwanangu! Sufi ni ile ya kujazia mito, inatoka mtini. Sufu inatoka kwa kondoo. Askari akivaa kepi ya sufi, upepo ukivuma kambi nzima itapiga chafya. Herufi moja tu hiyo, na kondoo amegeuka mti.

Sasa shika kalamu. Kofia ni mama yao wote. Kila kinachokaa kichwani kwa heshima ni kofia. Kepi ni ile yenye mdomo mbele. Bereti haina mdomo wala mfupa, uzuri wake uko kwa mvaaji, na akikosea inafanana na kitambaa cha vyombo. Helmeti ni ya chuma. Chapeo ni hiyo hiyo helmeti kwa lugha ya wazee, na karani wetu alilipenda neno hilo kwa sababu lilimfanya aonekane msomi. Hizo nyeupe za jua nazo waliziita helmeti, lakini hazina chuma hata punje. Ndani ni moyo wa mmea mmoja wa majini, mwepesi kama mkate mkavu, na juu yake ni kitambaa cha pamba. Ukitaka kuhakikisha, gonga kwa ukucha. Chuma kitakujibu, hiyo itanyamaza. Wala usiiloweshe, itakunywa maji ivimbe na hutaipata tena.

Umeuliza habari za mshono wa juu. Sufu ya kepi haikatwi kavu. Unaipiga mvuke wa birika, unaivuta juu ya kichwa cha mti, unaifunga kamba inalala hapo siku nzima, ndipo mkasi unaingia. Sindano inapita ndani ya unene wa kitambaa, haitokezi ng'ambo. Kidole cha chini ndicho kinachojua sindano iko wapi, jicho halina kazi hapo. Mwenzangu ananiambia niongeze kwamba uzi uvutwe kwa pumzi moja. Ukisita katikati, kitambaa kinakumbuka.

Hilo la kuniandika kwenye kadi tuliache kwanza.

Fundi Kepi


25 Februari

Mzee wangu,

"Ukisita katikati, kitambaa kinakumbuka." Nimeyaandika maneno hayo kwenye karatasi nikayabandika juu ya meza yangu. Msafishaji wetu aliyasoma akasema huyu mzee angekuwa mwalimu wa ndoa. Nimezigonga kofia nyeupe zote kumi na nne kwa ukucha na zote zimenyamaza. Nimefuta sufi, nimeandika sufu. Sijui nikushukuru vipi. Miaka sita nimesoma vitabu vya mavazi ya kijeshi, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kama kurasa zako mbili.

Sasa nina jambo zito kidogo. Wiki iliyopita alikuja nesi mmoja na kepi ya tisa, ameifunga kwenye taulo safi. Anasema ni ya baba yake marehemu, aliyepiga ngoma kubwa katika bendi ya kambi. Anatamani sana ikae pamoja na nyingine. Nilifurahi mno, maana picha ya bendi tunayo na mpiga ngoma yumo, mdogo wa umbo, ngoma imemzidi. Lakini kwenye kepi hakuna alama yoyote ya mwenyewe, na Mkuu wa makumbusho hataki kitu kisichothibitishwa. Uthibitisho pekee ni daftari. Linasema hivi: "Kepi, sufu nyeusi, ndani kaki. Ya mpiga ngoma."

Hiyo "ndani kaki" maana yake ni bitana ya kaki? Nauliza kwa sababu kepi ya nesi, kama zile nane, ina bitana nyekundu. Kama bitana ya mpiga ngoma ilikuwa ya kaki, basi hii si yake. Orodha inatiwa saini tarehe 8 Machi. Nakuomba unijibu upesi, na ufikirie tena habari ya kadi.

Mtunza Mavazi


3 Machi

Binti yangu,

Nakujibu upesi kama ulivyotaka. Mke wangu yupo kwa mdogo wake karibu na kliniki ya macho, anarudi baada ya siku kumi, kwa hiyo niko peke yangu na birika.

Kaki ni kaki. Ni kitambaa kile kile cha sare za kazi, kigumu, rangi ya vumbi. Nimekikata maisha yangu yote, siwezi kukosea. Daftari likisema ndani kaki, ni bitana ya kaki. Kama yake ni nyekundu, ni ya mtu mwingine wa bendi. Mpe pole huyo nesi.

Habari ya kadi, kama unaona inafaa, andika tu.

Fundi Kepi


10 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Jibu lako lilifika siku moja kabla ya saini. Nilimwita nesi nikamweleza. Hakubishana nami. Alisema, "Basi labda baba alichukua ya mwenzake siku ya kustaafu. Alikuwa na haraka kila wakati." Nilipotaka kumrudishia alikataa. Alisema kama si ya baba hana pa kuiweka. Akakunja taulo lake vizuri akaondoka nalo. Mzee wangu, nilijisikia vibaya siku nzima, ingawa najua ukweli ni ukweli.

Mkuu hakutaka ibaki stoo. Imepelekwa kwa kikundi cha maigizo cha shule jirani, itavaliwa na mtu wa posta katika mchezo wao. Kwenye nafasi ya mpiga ngoma tutaweka bereti.

Kadi yako nimeshaiandika: "Kepi za bendi. Kazi ya Fundi Kepi." Naomba uje na mama siku ya ufunguzi. Nauli ni juu yetu.

Mtunza Mavazi


16 Machi

Binti yangu,

Ichane hiyo kadi.

Mke wangu amerudi juzi. Jicho moja wamelifanyia kazi, la pili wamesema halina tena matumaini. Alitaka asomewe barua zote zilizokuja akiwa hayupo, na nakala ya niliyojibu. Ningeweza kuruka mistari, yeye haoni. Sikuruka. Nilipofika kwenye "kitambaa kile kile cha sare za kazi" akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akauliza, "Umemwambia kitambaa?" Kisha akauliza kepi iko wapi. Nikamsomea ya mtu wa posta. Hakucheka tena. Akasema, "Kaa chini, mzee. Andika."

Basi naandika. Ni karatasi, binti yangu. Karatasi ya kaki, ile ya bahasha na ya kufungia vifurushi. Yule mpiga ngoma alikuwa na kichwa kidogo kuliko kichwa cha mti kidogo kuliko vyote. Kila akipiga ngoma kepi ilimshukia machoni. Kwa hiyo nyuma ya ule ukanda wa ngozi unaogusa paji la uso palitiwa vipande vya karatasi ya kaki ili imkae. Bitana ni nyekundu kama za wenzake. Karani aliandika nilichomwambia, nami nilimwambia nilichoambiwa. Hakuna kati yetu wawili aliyeelewa anachosema.

Sasa utajiuliza fundi gani wa kepi hajui kilichomo ndani ya kepi yake. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka arobaini na mmoja, lakini hatimaye nimefika mwisho wake.

Mimi ni fundi wa suruali. Suruali, kaptula, na koti ukinisukuma. Mwaka ule fundi wa kofia alistaafu, na kamanda akataka kepi kumi na mbili kwa gwaride baada ya wiki tatu. Akaniuliza mbele za watu kama naweza. Nikasema ndiyo afande kabla akili haijafika. Nikarudi nyumbani na kepi moja kuukuu, nimeloa jasho. Mke wangu wakati huo alikuwa anashona foronya. Aliichukua ile kepi, akaifumua yote juu ya meza ya jikoni, akapanga vipande kwenye gazeti kwa mpangilio wa vilivyotoka. Vilikuwa kumi na vinne. Alivitazama siku nzima bila kuvigusa. Siku ya tatu aliiunganisha tena, nami niliyeileta sikuweza kuona palipofumuliwa. Akasema, "Hii ni nyumba kabisa. Ina msingi, ina kuta, ina paa. Niletee sufu."

Zote alizitengeneza yeye, hapa jikoni. Mimi nilizipeleka karakana kwa baiskeli, kwenye kapu, juu nimefunika na suruali. Karakana haikuajiri wanawake. Mkaguzi aliposifu kepi zangu, mara ya kwanza nilinyamaza kwa woga, ya pili kwa aibu, na kuanzia ya tatu kwa mazoea. Nikaitwa Fundi Kepi, nikaitika. Ilikuwa kilemba cha ukoka, binti yangu, nami nilikivaa mpaka kikakaribia kunikaa. Yeye alisema kepi zikivaliwa inatosha. Nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Barua yangu ya kwanza iliyokufurahisha ni maneno yake. Sindano ile, pumzi ile, kitambaa kukumbuka, vyote ni vyake. Barua niliyoandika peke yangu ndiyo iliyomfanya yule nesi aondoke na taulo tupu. Naona haya, na sina pa kuificha.

Anasema hataki kuandikwa kwenye kadi yoyote. Anataka kepi yake isiuze stempu. Fanya upesi.

Mume wa fundi


24 Machi

Mzee wangu, na Mama,

Shikamooni nyote wawili.

Nilipofika kwenye mstari wa karatasi nilivaa viatu nikakimbia. Nilifika shuleni mazoezi yakiendelea. Kepi ilikuwa imebanwa kipande cha kadibodi kwa pini nne, kimeandikwa POSTA. Niliingia jukwaani nikaivua kichwani mwa mtu wa posta katikati ya sentensi. Mwalimu wao hanisalimii tena.

Nimeifungua hapa mezani, mbele ya Mkuu na mbele ya nesi, ambaye nilimwita kabla sijagusa kitu. Niliinua ukanda wa ngozi kwa kibano. Karatasi za kaki zilikuwepo. Vipande vitatu, vimekunjwa kwa upana sawa kabisa, na kila kimoja kina namba kwa penseli: tano, sita, saba. Kwenye cha saba, kile cha ndani kabisa, pana maneno kwa mwandiko mdogo uliosimama wima: "Ukinenepa, toa moja moja. Usikate ngozi."

Nesi aliyasoma akakaa kwenye stuli. Akasema baba yake alinenepa kila alipopandishwa cheo. Jana amerudi na daftari la baba yake la nyimbo za bendi. Katikati yake, kama alama ya ukurasa, kuna kipande cha karatasi ya kaki chenye namba nne. Amekitazama miaka yote bila kujua ni cha nini.

Mama, mimi ndiye niliyekosea zaidi. Kepi ilikuwa mkononi mwangu zaidi ya wiki mbili, na kioo cha kukuzia ninacho. Nilisoma neno, sikuisoma kofia. Lakini tangu jana nafikiria jambo moja zaidi ya aibu yangu. Ulimtengenezea mtu ambaye hukuwahi kukutana naye kepi ya kichwa alichokuwa nacho na ya kichwa atakachokuwa nacho baadaye. Katika vitu vyote vya malori mawili, hakuna nilichokipenda kama hicho.

Daftari linasema Fundi Kepi. Mkuu ameuona mwandiko na anauliza ni wa nani. Kadi ipo tupu mbele yangu. Niandike nini?

Mtunza Mavazi


31 Machi

Mwanangu,

Naandika mwenyewe. Mistari ikipanda kama ngazi nivumilie, jicho ni moja na bado linajifunza.

Nilisema sitaki kadi. Nilisema hivyo kwa hasira, na pia kwa kuzoea kusema hivyo. Nimelala na hilo siku nne. Nataka. Dada zangu waliniita Mama Subana kwa kuwa kile kikofia cha kidole hakikunitoka hata nikipika. Andika hivyo.

Lakini mzee wangu usimvue nguo hadharani. Nguo ya kuazima haisitiri, hilo ameshalijua. Suruali zake zilipita kwenye matope na miiba miaka ishirini na hakuna mshono uliofumuka. Mwekee kadi yake penye suruali. Inamstahili.

Na kwenye kadi usiandike kaki tupu. Andika karatasi. Tumeshahangaika vya kutosha.

Ombi moja. Kabla hujaifungia kwenye kabati la kioo, niishike. Bila zile glovu zenu. Mikono ndiyo iliyobaki na macho.

Mama Subana


15 Aprili

Binti yangu Mtunza,

Marahaba ya mapema, kabla hujanisalimia.

Tumefika salama. Mke wangu amelala, na usingizini vidole vyake vinatembea juu ya shuka. Nadhani bado anaishika ile kepi. Uliona mwenyewe alivyoizungusha, akaanzia nyuma, akafika mbele, akasimama kwenye matundu manne ya pini akasema, "Wamemchoma." Uliona alivyoomba sindano, na Mkuu wako alivyokimbia kuitafuta. Yale matundu nimeyatafuta baadaye kupitia kioo, na nimeshindwa kujua yalikuwa wapi. Mara ya pili ananifanyia hivyo.

Kuna kitu hukukiona, ulikuwa unamshika mkono nesi. Nilisimama mbele ya kadi nikaisoma pole pole. "Kepi ya mpiga ngoma. Sufu nyeusi, bitana nyekundu, ndani karatasi ya kaki. Kazi ya Mama Subana." Kisha nikaenda kwenye suruali nikaisoma yangu, nikafurahi, nisikufiche, nilifurahi kama mtoto. Nikiwa hapo nikaguswa bega. Alikuwa yule mkaguzi wetu. Siku hizi anatembelea fimbo, na kichwani amevaa kofia ya pama. Sauti ni ile ile. "Fundi Kepi! Miaka yote hii sijaona tena mkono kama wako."

Kinywa changu kilishafunguka kumshukuru. Mazoea, binti yangu. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Nikalimeza. Nikamwambia, "Hapana, afande. Mimi ni wa suruali. Fundi ni yule pale, mwenye gauni la bluu."

Alinitazama mpaka nikahisi nipo gwarideni. Kisha akavua kofia yake, akaishika kifuani, akatembea na fimbo yake mpaka alipokaa mke wangu. Alichomwambia sikukisikia, na sikutaka kukisikia, kilikuwa chake yeye. Nilimwona tu mke wangu anainua uso upande sauti inapotoka, na ananyoosha mkono, si kwa salamu, bali aishike hiyo kofia ajue imeshonwaje.

Mimi nikabaki na suruali zangu.

Wako,
Fundi Suruali